Nchi ya Luama, Njia Kuu ya Zamani

Ndugu msomaji, kamata ramani ya Kongo, utafute ziwa Tanganyika. Kisha uweke kidole chako kwenye mji wa Kalemie, pwani ya magharibi ya ziwa, ukisogeze polepole kuelekea kaskazini-magharibi. Utapita milima, utafika kwenye mto mmoja ambao ramani nyingi huuchora kwa mstari mwembamba tu. Huo ndio mto Luama. Ukiufuata kuelekea machweo ya jua, utaingia nchi ya Kabambare, na mwisho utafika Lualaba, si mbali na Kasongo. Kaskazini ya njia yako utakuwa umeacha vilima vya Namoya na mji wa Salamabila, ambao wengine huuandika Saramabila.

Wengi hawajui nchi hiyo. Hata watu wa Kindu na Bukavu huitaja kama mtu atajavyo shamba la babu yake lililo mbali, ambalo anajua lipo lakini hajalikanyaga. Lakini haikuwa hivyo sikuzote. Palikuwa na wakati ambapo jina la Kabambare na jina la Kasongo yalitajwa Unguja, London na Brussels. Misafara ilipita hapo kila mwaka. Basi, yafaa tujiulize: njia kuu iligeukaje kuwa pembe ya nchi? Na wale walioishi kando ya njia hiyo, walipata nini?

MITO NA ARDHI

Tuanze na maji, kwa maana huko maji ndiyo yaliyopanga mambo ya watu.

Luama watoka katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, upande wa Fizi. Jambo la ajabu ni hili: mto huu wazaliwa karibu na ziwa, lakini hauendi ziwani. Waligeuzia ziwa mgongo, washuka kuelekea magharibi hata kuingia Lualaba. Maji ya Lualaba nayo huenda kaskazini, hupita Nyangwe, Kindu na Ubundu, na kuanzia Kisangani huitwa mto Kongo, hata kufika bahari ya magharibi. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka mlimani karibu na Tanganyika lina safari ndefu kuliko mtu yeyote wa kijiji chake.

Lualaba ni mkubwa, lakini si mtumishi mtiifu. Kutoka Bukama hata Kongolo merikebu zaweza kupita. Baada ya Kongolo mto hubanwa kati ya mawe, mahali ambapo Wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu. Toka hapo hata karibu na Kindu mna maporomoko na miamba, na merikebu haziwezi kusafiri moja kwa moja. Kasongo iko katikati ya kipande hicho kigumu, ng'ambo ya mashariki. Kumbuka jambo hili, msomaji, kwa maana litarudi mbele.

Ardhi ya huko ni ardhi ya mpaka kwa namna nyingine pia. Kaskazini, upande wa Pangi na Shabunda, ni msitu mkubwa, wenye giza na unyevu. Kusini, upande wa Kongolo na Nyunzu, ni mbuga za majani marefu na miti ya hapa na pale. Nchi ya Luama iko katikati: majani juu ya vilima, msitu mabondeni kando ya vijito. Mvua huanza mwezi wa tisa au wa kumi na huendelea hata mwezi wa tano. Kisha huja kiangazi, na moshi wa majani yanayochomwa huonekana kila upande. Mkulima wa huko ana bahati mbili: katika bonde hupanda mpunga na migomba, na mlimani hupanda mihogo, mahindi na karanga. Michikichi humpa mawese. Mto humpa samaki. Anayejua kulima hawezi kufa njaa pale, isipokuwa watu wengine wamzuie kulima.

Mipaka ya serikali nayo hukutana papo hapo. Kabambare ni teritwari ya Maniema, lakini mashariki yake ni Fizi, katika Kivu ya Kusini, na kusini yake ni nchi za jimbo la Tanganyika, ambazo hata mwaka 2015 zilihesabiwa Katanga. Maniema yenyewe ilikuwa jimbo kwa miaka michache hata 1966, ikarudishwa chini ya Kivu, ikawa jimbo tena mwaka 1988. Makao makuu yake ni Kindu, mbali sana na Salamabila. Mtu aliye kwenye ncha ya majimbo matatu husikia amri tatu, lakini ni nadra kusikia gari linakuja kutengeneza barabara.

WATU

Katika Kabambare wenyeji wanaojulikana zaidi ni Wabangubangu, Wabuyu na Wahombo. Wabuyu hawaishi Maniema peke yake: ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka pia, upande wa Tanganyika na Fizi. Wababembe wa Fizi nao wamesogea wakaingia sehemu za Salamabila. Upande wa Kasongo wako Wakusu, Wazimba, Wasonge na wengine. Juu ya mto wenyewe ni Wagenya, mafundi wa mitumbwi na nyavu. Tangu zamani hao ndio waliovusha watu Lualaba. Asiyepatana na Mgenya hakuvuka, hata akiwa na bunduki mia.

Kwa nini tunataja makabila haya yote? Kwa sababu wengine hudhani kwamba mto ni ukuta. Si kweli. Huko mto ni soko. Mkulima wa mlimani ana mihogo lakini hana samaki. Mgenya ana samaki lakini hana shamba kubwa. Mtu wa msitu ana nyama na mawese. Lazima wakutane. Soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, lilikuwa likikusanya maelfu ya watu siku moja, wengi wao wanawake, waliokuja kwa mitumbwi kutoka ng'ambo na kubadilishana vyungu, samaki, chumvi, kuku na unga. Soko hilo lilikuwa na sheria yake: hata makabila yenye ugomvi yaliuziana kwa amani. Hakuna mgeni aliyewafundisha hayo.

NJIA YA PEMBE

Mgeni wa kwanza alikuja kwa ajili ya pembe za ndovu. Kabla ya mwaka 1870 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokaa Ujiji walisikia kwamba ng'ambo ya ziwa iko nchi iitwayo Manyema, ambako pembe ni nyingi na bei yake ndogo. Wakavuka. Njia yao ilikuwa hii: Ujiji, kisha ziwa kwa mashua hata Mtowa, kisha kwa miguu hata Kabambare, halafu Kasongo na Nyangwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu kati ya bahari ya mashariki na katikati ya Kongo. Na Kabambare ilikuwa kama kituo chake cha kupumzikia.

Mwaka 1869, mwezi wa tisa, David Livingstone alifika huko pamoja na wafanyabiashara. Yeye aliandika Bambarre. Alitaka kuona Lualaba, ajue kama ndiyo chanzo cha mto Nili. Lakini alipata vidonda vya miguu, na kwa miezi mingi alikaa kijijini akingoja kupona. Alifika Nyangwe mwaka 1871 tu. Huko, tarehe 15 Julai, aliona kwa macho yake jambo lililomvunja moyo. Siku ya soko watu wa wafanyabiashara waliingia na bunduki. Ugomvi ukaanza juu ya bei ya kuku. Wakafyatua risasi katikati ya wanawake. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alikata shauri kurudi Ujiji, na huko Stanley alimkuta mwaka ule ule.

Mwaka 1876 Stanley naye alipita njia hiyo ya Luama hata mahali inapoingia Lualaba. Karibu na Kasongo alikutana na Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana na wote kwa jina la Tippu Tip, akapatana naye amsindikize kuelekea kaskazini. Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Baadaye aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na kitabu hicho ni hazina kwetu, maana ni nadra kupata habari za nyakati zile zilizoandikwa kwa lugha yetu.

Tuseme kweli, bila kuficha na bila kuongeza. Wageni hao waliacha mambo mawili. Waliacha kilio: vijiji vilivyochomwa, watu waliofungwa minyororo wakapelekwa mbali, vijana waliopewa bunduki ili wakawinde ndugu zao. Lakini waliacha pia mpunga, miembe, nyumba za udongo zenye baraza, dini ya Uislamu ambayo hata leo ina watu wengi Kasongo, na Kiswahili, ambacho watu wa huko walikigeuza kiwe chao, kikaitwa Kingwana. Daktari Hinde, Mwingereza aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi mwaka 1893, alistaajabu kuona mashamba na matunda yaliyoizunguka. Lakini mashamba hayo yalilimwa na nani? Na watumwa. Sifa za bustani zisitusahaulishe mikono iliyoipalilia.

Na watu wa nchi hiyo walitawanyika. Wamanyema wako Ujiji, Tabora, Dar es Salaam na Bujumbura. Babu zao wengine walikwenda kama wapagazi, wengine kama watumwa, wengine kama askari wa misafara. Ukikutana na mzee Mmanyema wa Ujiji, ujue kwamba ukoo wake huenda ulikunywa maji ya Luama.

VITA JUU YA MTO

Mwaka 1892 vita vilianza kati ya Waarabu na Dola Huru ya Kongo, yaani nchi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Jeshi la Dhanis lilitwaa Nyangwe mwezi wa tatu mwaka 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Unguja. Mwanawe Sefu ndiye aliyepigana. Rumaliza, mkubwa wa Ujiji, alikuja kutoka Tanganyika kumsaidia, na nchi ya Luama ikawa uwanja wa vita. Sefu aliuawa mwezi wa kumi mwaka ule. Mwanzo wa mwaka 1894 Kabambare ilitwaliwa, na utawala wa Waarabu ukaisha.

Je, nchi ilipata raha? Bado. Mwaka 1897 askari wa Dhanis waliasi, wengi wao Watetela, na mwaka uliofuata Kabambare iliona vita tena. Kijiji kilichokuwa kituo cha misafara ya pembe kikawa kituo cha majeshi. Wanajeshi hula, na hawalimi. Chakula chao kilitoka kwa mkulima yule yule aliyewalisha wafanyabiashara. Kisha ugonjwa wa malale ukafuata kando ya mito, ukapunguza watu waliobaki. Na vita vya 1914 vilipofika, watu wa Maniema walichukuliwa tena kuwa wapagazi wa jeshi lililokwenda Tabora.

RELI ILIPITA UPANDE WA PILI

Hapa ndipo tunapofika kwenye jibu la swali letu la kwanza.

Wabelgiji walitaka kuyashinda yale maporomoko ya Lualaba. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu iliundwa mwaka 1902, ikajenga reli vipande vipande: mahali mto unapopitika, merikebu; mahali usipopitika, gari moshi. Reli ya kwanza ilitoka Kisangani hata Ubundu, kilometa 125. Ya pili ilitoka Kindu hata Kongolo, kilometa 355, ikaanza kazi mwaka 1911. Ya tatu ilitoka Kabalo hata Albertville, yaani Kalemie ya leo, kilometa 273, ikamalizika mwaka 1915.

Angalia vizuri njia ya reli hizi. Ile ya Kindu na Kongolo ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Kasongo iko mashariki. Basi gunia la mchele la Kasongo lilipaswa kwanza kubebwa hata mtoni, livushwe, libebwe tena hata stesheni. Na ile ya Kalemie ilipita kusini kabisa, katika bonde la Lukuga. Tangu siku hiyo mtu atokaye ziwani kwenda Lualaba hakuwa na haja ya kukanyaga Kabambare. Alipanda gari.

Ndivyo njia kuu ilivyokufa. Hakuna aliyetoa amri ya kuiua Kabambare. Hakuna vita, hakuna moto. Chuma kililazwa mahali pengine, basi. Vijiji vilivyozoea kuuza chakula kwa misafara viliamka asubuhi vikaona njia imeota majani. Historia ya nchi nyingi za Afrika imeandikwa kwa reli kuliko kwa bunduki.

PAMBA

Mgeni wa pili alikuwa pamba. Katika vita vya 1914-1918 Wabelgiji walihitaji pamba kwa viwanda vyao. Majaribio yalifanyika Nyangwe, yakaonekana mazuri. Mwaka 1917 sheria ilitolewa kwamba kila kijiji kiweze kulazimishwa kulima mazao fulani, siku 60 kila mwaka, na Maniema ikawa kati ya nchi za kwanza kulazimishwa kulima pamba. Mwaka 1920 iliundwa kampuni kubwa ya pamba iliyoitwa Cotonco.

Kazi ilikwendaje? Mkulima alipewa mbegu na kupimiwa shamba. Alipanda, akapalilia, akachuma, akaanika, akabeba mzigo kichwani hata mahali pa kuuzia. Huko alimkuta mnunuzi mmoja tu, maana kila eneo lilikuwa na kampuni yake, na bei ilikuwa imekwisha kupangwa. Kwa fedha ile alilipa kodi. Aliyekataa kulima alifungwa au kupigwa fimbo. Pamba ikachambuliwa, ikafungwa marobota, ikaenda Ulaya, na baadhi yake ikarudi kama nguo ambazo mkulima alizinunua kwa fedha iliyobaki.

Wazee wengi walipenda mpunga kuliko pamba, na sababu yao ni ya akili: mpunga ukikosa mnunuzi, unapikwa, pamba ikikosa mnunuzi, huwezi kuila. Wakati wa uhuru, mwaka 1960, na katika machafuko yaliyofuata, ununuzi wa pamba ulidhoofika, na mwishowe mashamba yakaachwa. Mpunga ulibaki. Hata leo mchele ni sifa ya Kasongo. Kile kilicholimwa kwa fimbo kilikwenda na fimbo. Kile kilicholimwa kwa ajili ya sufuria kimebaki na sufuria.

DHAHABU YA NAMOYA

Mgeni wa tatu ni dhahabu. Karibu na mwaka 1930 Wabelgiji waligundua dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila. Kwanza walichekecha mchanga wa vijito, baadaye wakachimba mwamba wa vilima. Wafanyakazi walitoka vijiji vya jirani na vya mbali. Kazi hiyo iliendelea hata mwanzo wa miaka ya 1960, kisha mashine zikanyamaza. Mwaka 1976 kampuni nyingi za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa zikawa moja, Sominki. Lakini hiyo iliishi zaidi kwa madini ya bati, na bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, nguvu zake ziliisha.

Vilima havikubaki bila watu. Wachimbaji wa mikono waliingia. Mtu hushuka shimoni na nyundo na tochi, hupandisha mawe, huyaponda kwa chuma, huosha unga juu ya ubao wenye kitambaa, kisha hushika chembe za dhahabu kwa zebaki na kuichoma. Moshi wa zebaki ni sumu, na shimo lisilo na nguzo ni kaburi wazi. Lakini kijana asiye na fedha ya kuoa huona shimo ni jepesi kuliko jembe. Hivyo Salamabila ilikua. Wakaja watu wa Fizi, wa Kivu, wa Tanganyika, wa Kasongo, na wafanyabiashara wa kila kitu, tangu sabuni hata bia.

Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilipata haki juu ya Namoya katika miaka ya 1990, na baada ya mashindano na serikali, ikapatana nayo mwaka 2002. Kiwanda chake kilitangazwa kuwa kimeanza kazi kamili mwanzo wa mwaka 2016. Njia yake ilikuwa kuponda mawe, kuyarundika juu ya turubai lisilopitisha maji, na kuyanyunyizia maji yenye sianidi yanayoyeyusha dhahabu. Wachimbaji wa mikono waliambiwa watoke katika sehemu za kampuni. Waende wapi? Wengine walikuwa wamezaliwa humo. Ugomvi ukazidi. Vijana wenye silaha waitwao Mai-Mai Malaika walionekana, risasi zikalia mjini, wafanyakazi wakatekwa, wenyeji wakakimbilia porini. Mwishoni mwa mwaka 2017 Banro iliomba mahakama ya Kanada iilinde na wadeni wake, na mwaka 2019 ikasimamisha kazi ya Namoya kwa ajili ya hatari. Mashine zikanyamaza mara ya pili.

Msomaji, tazama jambo hili la uchumi. Dhahabu ikiwa nyingi, vijana huacha mashamba, na chakula cha Salamabila hutoka vijijini mbali kwa baiskeli. Bei ya mihogo hupanda. Mama anayelima peke yake hawezi kulima kama nyumba nzima. Dhahabu ikikwama, fedha hukosekana na shamba limekwisha kuota pori. Kwa hiyo mji wa dhahabu waweza kuona njaa mara mbili: njaa ya neema na njaa ya ukosefu. Na dhahabu ni nyepesi kusafiri. Mchele wa Kasongo hauwezi kuondoka bila watu kuuona. Dhahabu ya mwaka mzima hutoka mfukoni mwa mtu mmoja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

WALE WALIOBAKI

Kati ya mambo hayo yote, vita vilipita mara nyingi. Mwaka 1964 maasi ya Simba yaliyotokea upande wa Fizi yalitwaa Kasongo na Kindu. Mwaka 1996 na tena tangu 1998 hata 2003 majeshi ya kila namna yalipita. Gari moshi lilikoma, malori yaliharibika, madaraja yalioza. Ndipo tulipoona mashujaa wasioandikwa vitabuni: vijana wenye baiskeli. Walipakia mchele, mawese au chumvi hata baiskeli ikawa kama punda, wakaisukuma kwa miguu siku nyingi, mlimani mmoja akivuta kwa kamba na mwingine akisukuma nyuma. Kama si wao, sehemu nyingi za Maniema zisingeona chumvi. Ukitazama vizuri, walikuwa wamerudi kwenye kazi ya upagazi ya babu zao, lakini mara hii mzigo ulikuwa wao.

Huenda hapo ndipo pana tofauti yote. Pembe, pamba na dhahabu zilipita nchi ya Luama, na kila mara bei ilipangwa na mtu wa mbali. Methali yetu husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni watatu walikuja; mwenyeji hajapona. Lakini si haki kusema kwamba wageni tu ndio wenye kosa. Katika kila msafara palikuwa na mwenyeji aliyeonyesha njia kwa ajili ya kitambaa. Katika shamba la pamba palikuwa na mkubwa wa kijiji aliyehesabu siku za wengine na kusahau za kwake. Na katika vilima vya Namoya wamo watoto wa nchi waliopokea fedha mkono mmoja na bunduki mkono wa pili.

Wafanye nini basi watu wa Luama? Mimi si waziri wala mhandisi. Naona mambo matatu tu katika historia hii. La kwanza, njia ni uhai. Kabambare haikufa kwa kukosa mali, ilikufa njia ilipohama. Daraja moja zima na barabara moja inayopitika wakati wa mvua vyaweza kuifaa nchi hiyo kuliko kilima kizima cha dhahabu. La pili, zao linalolisha nyumba lisiachwe kwa ajili ya zao linalong'aa. Mwenye mpunga ghalani huweza kubishana bei ya dhahabu yake. Mwenye njaa huuza kwa bei yoyote. La tatu, soko lilikuwapo kabla ya bunduki. Wabangubangu, Wabuyu, Wababembe, Wazimba na Wagenya walijua kuuziana kwa amani kando ya mto mmoja kabla mgeni yeyote hajafika. Atakayewaambia kwamba tangu mwanzo walikuwa maadui, hajui habari za nchi, au anazijua na anataka kuuza bunduki.

Sikio la Mswahili likisikia jina Salamabila husikia maneno mawili, salama na bila. Sisemi kwamba jina hilo limetoka huko. Ni mchezo wa sikio tu. Lakini mchezo huo watuachia swali, na swali hilo limekaa juu ya nchi ile tangu siku za Livingstone: salama bila nini? Bila njia, bila chakula, bila haki, usalama haukai. Luama yenyewe haina haraka. Yaendelea kushuka kutoka milimani, imeligeuzia ziwa mgongo, ikimnywesha mkulima na mchimbaji sawasawa, na kila asubuhi wanawake wa Kabambare waloweka mihogo yao katika vijito vinavyoilisha.